Chipeta wa Waute: Alifukuzwa akiwa hai, akarejeshwa akiwa maiti

Picha moja iliyopigwa mjini Washington mwaka 1880 inawaonyesha mume na mke wameketi bega kwa bega. Mwanamume mwenye nywele ndefu zilizosukwa ni Ouray, ambaye serikali ya Marekani ilimtambua kuwa mkuu wa Waute wote. Mwanamke aliyevaa gauni la ngozi lenye matamvua ni Chipeta, mkewe. Siku hizo watu wao walikuwa bado wanashikilia sehemu kubwa ya magharibi ya Colorado. Kabla mwaka 1881 haujaisha, Ouray alikuwa kaburini na watu wa kundi lake walikuwa wameswagwa na wanajeshi hadi Utah. Chipeta aliishi miaka 44 baada ya kifo cha mumewe, na miaka hiyo, ambayo simulizi nyingi huipita mbio, ndiyo inayoeleza vizuri zaidi alikuwa mtu wa namna gani.

Waute ni miongoni mwa wenyeji wa asili wa Marekani, na jimbo la Utah limepewa jina kutokana na wao. Kwa karne nyingi waliishi katika milima ya Rocky na mabonde yake, wakipanda juu wakati wa kiangazi kufuata wanyama na matunda ya porini, na kushuka mabondeni theluji ilipoanza. Farasi walioletwa na Wahispania waliwageuza kuwa wapanda farasi hodari, wakawa wanavuka milima kwenda kuwinda nyati katika mbuga za mashariki. Hawakuwa na mfalme. Kila kundi lilikuwa na viongozi wake, na kiongozi alidumu kwa kadiri watu walivyokubali kumfuata. Jambo hilo linafaa kukumbukwa, kwa sababu msiba mkubwa uliowapata ulianza pale wageni walipotaka mtu mmoja atakayetia saini kwa niaba ya wote.

Chipeta mwenyewe hakuzaliwa Mute. Inakadiriwa kwamba alizaliwa mwaka 1843 au 1844 kwa wazazi wa Kiowa-Apache. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto mdogo Waute wa kundi la Tabeguache walimkuta katika kambi iliyoangamizwa, wakamchukua na kumlea kama mtoto wao. Kundi hilo ndilo wazungu walilozoea baadaye kuliita Uncompahgre, kwa jina la mto na bonde walimoishi. Alikua akijifunza kazi za wanawake wa Kiute: kulainisha ngozi za wanyama, kushona nguo na kuzitia shanga. Ustadi wake wa shanga ulimpatia sifa maisha yake yote.

Mke wa kwanza wa Ouray alipofariki, alimwacha mtoto wa kiume, na Chipeta alikuwa mmoja wa waliomtunza. Mwaka 1859, akiwa na umri wa takriban miaka 16, aliolewa na Ouray, aliyekuwa mkubwa kwake kwa miaka 10 hivi. Ouray naye alikuwa na damu mchanganyiko, baba yake akiwa Mwapache wa Jicarilla na mama yake Mute. Alikulia kaskazini mwa New Mexico, akazungumza Kihispania tangu utotoni, na baadaye akajifunza Kiingereza. Lugha hizo zilimfanya awe mkalimani, na ukalimani ukamfikisha kwenye uongozi.

Mwaka wa ndoa yao ulikuwa pia mwaka ambao makundi ya watafuta dhahabu yalimiminika Colorado. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka mmoja kabla, na miji ikachipuka kando ya mito mithili ya uyoga. Mwaka 1861 Colorado ikatangazwa kuwa wilaya rasmi ya Marekani. Novemba 29, 1864, wanamgambo wa Colorado waliivamia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho huko Sand Creek na kuua watu zaidi ya 150, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wazee. Waliouawa walikuwa maadui wa jadi wa Waute, lakini somo halikumpita mtu. Kambi ile ilidhani ilikuwa chini ya ulinzi wa serikali.

Katika miaka hiyo hiyo nyumba ya Ouray na Chipeta ilipata pigo lake lenyewe. Kijana wao, mtoto wa Ouray aliyelelewa na Chipeta, alitekwa na kabila adui walipokuwa katika msafara wa kuwinda nyati kwenye mbuga za mashariki. Alikuwa na umri wa miaka sita hivi. Hawakumpata tena. Chipeta hakujaaliwa kuzaa, ingawa alilea watoto yatima kadhaa, na mtoto yule aliyepotea aliendelea kuwa jeraha la nyumba ile, jeraha ambalo baadaye wajumbe wa serikali walijua namna ya kulitumia.

Machi 2, 1868, Ouray na viongozi wengine walitia saini mkataba mjini Washington. Kwa mkataba huo Waute waliachia sehemu kubwa ya milima ya kati, nao wakahakikishiwa takriban theluthi moja ya magharibi ya Colorado, zaidi ya ekari milioni 15, kuwa yao daima. Hakuna mzungu ambaye angeruhusiwa kuingia humo bila idhini, isipokuwa watumishi wa serikali. Ni katika kipindi hicho ambapo Ouray alianza kutendewa kama mkuu wa Waute wote, cheo ambacho mila za Waute hazikukijua. Wengi wa wenzake hawakukikubali kamwe.

Ahadi ya daima ilidumu miaka mitano. Dhahabu na fedha zilionekana katika milima ya San Juan, kusini mwa eneo hilo, na wachimbaji wakaingia bila kujali mkataba. Serikali haikuwatoa. Badala yake ilimtuma Felix Brunot kwenda kuwashawishi Waute waiuze milima hiyo. Brunot aliahidi kwamba angemtafuta mtoto wa Ouray aliyepotea. Kijana mmoja aliyelelewa na Waarapaho alipatikana kweli, na wakakutanishwa, lakini alikuwa amefundishwa kuwachukia Waute, akakataa kabisa kwamba ni mmoja wao. Akarudi alikotoka. Mkataba, hata hivyo, ulitiwa saini Septemba 1873. Waute waliachia karibu ekari milioni 4 kwa malipo ya dola 25,000 kwa mwaka, na Ouray akapangiwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Wengi waliotia saini walielewa kwamba wameuza machimbo ya juu milimani tu, si mabonde ya chini wala malisho ya farasi.

Mshahara ule ulimpa Ouray maadui wengi kuliko marafiki. Kulikuwa na majaribio kadhaa ya kumuua, na moja kati ya hayo linamhusu Chipeta moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, Sapovanero, kaka yake Chipeta, alijificha pamoja na wenzake karibu na duka la mhunzi na kumvamia shemeji yake kwa shoka. Shoka likakosa, Ouray akamwangusha Sapovanero na kupeleka mkono kwenye kisu chake. Chipeta aliwahi kukichomoa kisu kutoka alani kabla ya mumewe kukifikia, na hivyo akayaokoa maisha ya kaka yake. Sapovanero baadaye akawa msaidizi mwaminifu wa Ouray, na ndiye aliyeshika uongozi baada yake. Kitendo kile cha dakika moja kiliiepusha jamii nzima na visasi ambavyo vingeweza kuendelea kwa kizazi kizima.

Kuanzia mwaka 1875 makao ya wakala wa serikali kwa Waute wa Uncompahgre yalihamishiwa katika bonde la mto huo, na Ouray na Chipeta wakakaa katika shamba lao karibu na mahali ulipo leo mji wa Montrose. Nyumba yao ilijengwa kwa matofali mabichi ya udongo, ikawa na vyumba sita, mazulia, mapazia na vitanda vya kizungu. Walilima, wakafuga farasi na kondoo. Nje ya nyumba, hata hivyo, Chipeta aliendelea na mavazi yake ya ngozi, na hakuna dalili kwamba aliwahi kufikiri kwamba mazulia yamemgeuza kuwa mtu mwingine. Alikuwa anakaa katika mabaraza ya wazee, heshima ambayo wanawake wa Kiute wa siku zake waliipata kwa nadra mno. Inaelezwa kwamba alisikiliza zaidi kuliko alivyosema, na kwamba Ouray hakuamua jambo kubwa bila kushauriana naye.

Agosti 1876 Colorado ilikubaliwa kuwa jimbo kamili. Wanasiasa wa jimbo jipya na magazeti yao walianza kampeni ya wazi ya kutaka Waute waondoke wote. Walichokikosa kilikuwa kisingizio, na kisingizio hicho kililetwa na mtu aliyejiona mfadhili.

Nathan Meeker aliteuliwa mwaka 1878 kuwa wakala wa serikali kwa Waute wa White River, kaskazini mwa Uncompahgre. Alikuwa mwandishi wa habari za kilimo na mwanzilishi wa koloni la wakulima huko Greeley. Aliamini kwamba Waute wangeendelea tu iwapo wangeacha uwindaji na farasi na kushika jembe, na alikuwa tayari kuwanyima chakula ili wamtii. Mwaka 1879 aliamuru malisho ya farasi yalimwe, pamoja na uwanja wa mashindano ya mbio uliopendwa na watu kuliko kitu kingine chochote pale. Ugomvi ukazuka, Meeker akasukumwa, naye akaomba jeshi. Meja Thomas Thornburgh aliongoza wanajeshi kutoka Wyoming, na Septemba 29, 1879, alipovuka mpaka wa ardhi ya Waute kwenye kijito cha Milk Creek, vita vikaanza. Thornburgh aliuawa. Siku hiyo hiyo, kule kwenye makao ya wakala, Waute walimuua Meeker na wafanyakazi wake wa kiume, wakawachukua mateka mkewe Meeker, binti yake Josephine, mwanamke mwingine aliyeitwa Flora Ellen Price na watoto wake wawili.

Ni hapa ambapo ngano ya Chipeta ilizaliwa. Miaka michache baadaye magazeti na washairi wa Kimarekani walieneza kisa kwamba alipanda farasi peke yake, akavuka mito na milima usiku na mchana, akawaokoa mateka kwa mikono yake. Kisa hicho kilisomwa sana, na bado kinarudiwa. Hakikutokea. Ouray aliandikisha amri ya kusimamisha vita, na amri hiyo ikapelekwa na mfanyakazi mmoja wa makao ya Uncompahgre aliyesindikizwa na Waute. Mwanamke aliyesimama kuwatetea mateka ndani ya kambi alikuwa Susan, dada yake Ouray. Aliyekwenda kujadiliana ili waachiliwe, na akafaulu Oktoba 21 baada ya siku 23 za utekwaji, alikuwa Charles Adams, rafiki wa zamani wa Ouray.

Alichokifanya Chipeta hakikuhitaji farasi. Mateka walipofikishwa Uncompahgre wakiwa wamechoka na kuvunjika moyo, aliwapokea nyumbani kwake, akawapa vyakula na vitanda vyake, na akalia pamoja nao. Josephine Meeker na wenzake walieleza baadaye jinsi walivyotendewa kwa upole katika nyumba ile. Washairi walimtaka shujaa wa mbio za farasi, pengine kwa sababu mama mwenye nyumba anayewafariji wageni huku akijua kwamba watu wake mwenyewe watalipishwa kwa yaliyotendeka si habari ya kusisimua. Lakini ndivyo mambo yalivyokuwa.

Januari 1880 ujumbe wa Waute uliitwa Washington, na Chipeta akawa miongoni mwao. Njiani ndani ya Colorado treni yao ilikutana na umati uliojaa hasira. Katika mji mkuu mambo yalikuwa kinyume: waandishi wa habari walimwandama Chipeta, wakaeleza mavazi yake, wakampachika cheo cha malkia, cheo kingine ambacho Waute hawakukijua. Alifika mbele ya wabunge waliokuwa wakichunguza mauaji ya White River, akajibu maswali yao kwa kupitia mkalimani. Majibu yake yalikuwa mafupi.

Makubaliano yaliyotiwa saini Machi mwaka huo, na kuidhinishwa kwa sheria ya Juni 15, 1880, yaliwahukumu wote. Waute wa White River wangepelekwa Utah. Waute wa kusini wangebaki kwenye ukanda mdogo mpakani mwa New Mexico. Waute wa Uncompahgre, ambao hawakupigana na ambao kiongozi wao alivisimamisha vita, wangepewa mashamba mahali Mto Gunnison unapokutana na Mto Grand, ambao sasa huitwa Colorado, iwapo ardhi yenye rutuba ya kutosha ingepatikana. Kama isingepatikana, wangepelekwa Utah pia. Ili makubaliano yawe halali ilitakiwa robo tatu ya wanaume wazima watie saini. Otto Mears, mfanyabiashara na mjenzi wa barabara aliyekuwa mmoja wa makamishna, aliwalipa watu dola 2 kila mmoja ili watie saini. Alishtakiwa kwa hongo, lakini hatimaye serikali ikamrudishia fedha zake.

Ouray alikuwa mgonjwa wa figo tangu muda mrefu. Agosti 1880 alisafiri hadi Ignacio, kwa Waute wa kusini, kuwaomba waidhinishe makubaliano. Chipeta alikuwa naye. Alifariki huko Agosti 24, na wenzake wakamzika kwa siri kati ya miamba, kwa desturi ya Waute. Chipeta alirudi bondeni akiwa mjane wa miaka 36 au 37.

Mwaka uliofuata makamishna walikwenda kulikagua eneo la makutano ya mito, wakaamua kwamba halikuwa na ardhi nzuri ya kutosha. Wakachagua Utah. Uamuzi huo unastahili kutazamwa kwa jicho kali, kwani bonde hilo walilolikataa ndilo ambalo leo linajulikana kote Marekani kwa mapichi na mizabibu yake. Mwanzoni mwa Septemba 1881 Kanali Ranald Mackenzie aliwapanga wanajeshi wake na kuwapa Waute amri ya kuondoka. Watu zaidi ya 1,400 walianza safari pamoja na farasi, kondoo na mbuzi wao, wazee juu ya mizigo, watoto mikononi. Wengi walilia walipoliangalia bonde kwa mara ya mwisho. Nyuma ya wanajeshi walowezi walikuwa wanangoja, na mara tu mkia wa msafara ulipopita, wakaanza kupigilia vigingi vya kupimia viwanja. Mji wa Grand Junction, kwenye makutano yale yale yaliyosemwa kuwa hayafai, ulianzishwa kabla mwezi haujaisha. Montrose ukafuata mwaka 1882.

Chipeta aliondoka pamoja na wengine. Hakuna aliyemwachia shamba, wala hakuna aliyekumbuka mateka waliolala katika vitanda vyake. Maafisa walimwahidi nyumba huko Utah itakayolingana na ile aliyoiacha. Alichojengewa kando ya Mto White kilikuwa kibanda cha vyumba viwili, kuta hazikupigwa lipu, ndani hamna samani, na nje hapakuwa na mfereji wa kumwagilia chochote. Katika nchi ile kavu, shamba lisilo na mfereji si shamba. Hakukaa humo kwa muda mrefu. Aliolewa tena, akaishi katika mahema pamoja na jamaa zake, wakichunga kondoo na ng'ombe, wakipanda milimani kiangazi na kushuka kwenye bonde la Bitter Creek wakati wa baridi. Kwa namna fulani alikuwa amerudia maisha aliyoyajua utotoni, ila sasa nchi ya kuyaishia ilikuwa imebanwa.

Nayo iliendelea kubanwa. Katika ardhi ya Uncompahgre huko Utah palionekana gilsonite, aina ya lami ya asili yenye thamani kubwa, na hilo likatosha. Mwaka 1887 Bunge lilipitisha sheria ya kuzigawa ardhi za wenyeji wa asili kuwa viwanja vya mtu mmoja mmoja, na kilichobaki kikauzwa au kugawiwa walowezi. Karibu na mwisho wa karne sehemu kubwa ya eneo la Uncompahgre ilifunguliwa kwa wageni, na mwaka 1905 ikawa zamu ya eneo jirani la Uintah. Mwaka 1906 mamia ya Waute wa White River walikata tamaa, wakafunga safari ya mbali hadi South Dakota kutafuta kabila litakaloungana nao. Walirudishwa mwaka 1908. Chipeta hakwenda. Alikuwa sasa mzee anayesikilizwa, ambaye maneno yake barazani yalipimwa sawa na ya wanaume.

Wakati huo huo Colorado ilianza kumkumbuka. Watu waliozaliwa baada ya Waute kuondolewa, na ambao hawakuwa na sababu ya kuwaogopa, walimgeuza kuwa fahari ya jimbo. Alialikwa kwenye sherehe. Aliwahi kuwa mgeni wa heshima mjini Colorado Springs katika shughuli ya kuitia alama njia ya kale ya Waute inayopita chini ya mlima Pikes Peak. Alikwenda, akashiriki kwa staha, akarudi Utah. Kabla ya hapo, Septemba 1909, Rais William Howard Taft alikuwa amefungua handaki la Gunnison, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 9, lililopasuliwa ndani ya mlima ili kuyaleta maji katika bonde la Uncompahgre. Walowezi waliokuwa wanalima ardhi ya zamani ya Chipeta walipata mto mzima kwa gharama ya serikali. Kibanda chake cha Utah hakikuwahi kupata mfereji.

Mwaka 1916 Cato Sells, kamishna wa masuala ya wenyeji wa asili mjini Washington, aliguswa na habari za ajuza huyo aliyewahi kuwasaidia wazungu na hakupewa chochote. Aliuliza ni zawadi gani ingemfaa. Chipeta alijibu kwamba hakuhitaji kitu. Kilichowatosha watu wake kilimtosha na yeye, na alitarajia kufa karibuni. Pengine ofisi ile haikuwahi kupokea jibu zito zaidi ya hilo, kwa kuwa kilichowatosha watu wake kilikuwa kidogo sana, na Washington ndiyo iliyokipima. Hatimaye Sells alimtumia shali. Chipeta, ambaye hakuzoea kupokea bila kurudisha, alimpelekea blanketi la kutandika chini ya kiti cha farasi.

Uzee ulimletea mtoto wa jicho. Matibabu hayakufaulu, na miaka yake ya mwisho aliishi gizani. Jamaa zake walimfungia kamba kutoka mlango wa hema hadi vichakani ili aweze kwenda na kurudi mwenyewe bila kuomba mkono wa mtu. Alifariki Agosti 1924 huko Bitter Creek, akiwa na umri wa miaka 80 hivi, akazikwa katika kaburi lisilo na kina ndani ya korongo la mchanga.

Habari zilipofika Montrose, watu wa mji huo waliamua kumrejesha. Walihofia pia kwamba mafuriko ya korongo yangeliosha kaburi. Kaka yake aliyekuwa hai, John McCook, alikubali. Machi 15, 1925, mabaki yake yalizikwa upya mbele ya umati mkubwa, katika kaburi la saruji lililojengwa kwenye shamba lile lile aliloamriwa kulihama miaka 44 kabla. Mashairi yalisomwa, hotuba zikatolewa. Mwaka 1956 jumba la makumbusho ya Waute lilifunguliwa mahali hapo, na mwaka 1985 jina lake likaingizwa katika orodha ya wanawake mashuhuri wa Colorado. Waute wenyewe walikwenda mahakamani, na mwaka 1950 wakatunukiwa zaidi ya dola milioni 31 kama fidia ya ardhi zilizochukuliwa Colorado. Ardhi haikurudi. Wajukuu wa waliotembea mwaka 1881 wengi wako hadi leo Utah, katika eneo la Uintah na Ouray lenye makao yake Fort Duchesne.

Mpango wa Montrose ulikuwa kumlaza Chipeta kando ya mumewe, na kaburi la pili lilikusudiwa kwa ajili ya Ouray. Waute wa kusini walikataa kumtoa. Mei 1925 walimzika upya huko Ignacio, katika makaburi yaliyogawanywa kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, na kwa kuwa pande mbili hazikuelewana alikuwa wa nani, kaburi lake likachimbwa juu ya mpaka. John McCook alipofariki mwaka 1937, alizikwa Montrose karibu na dada yake.